Pumzi, Hofu na Saa ya Kidonge

Ugonjwa wa Parkinson hutambulika kwa mkono unaotetemeka na hatua zinazoburuta, lakini mgonjwa anayetumia dawa zake mara nyingi hulalamikia jambo jingine kabisa: kifua kinabana, pumzi haitoshi, moyo unakwenda mbio, na hofu inamjia bila sababu anayoweza kuitaja. Hali hiyo hudumu nusu saa au zaidi, hupita, na kesho yake hurudi. Katika wilaya ya Kasese, kuanzia Kitswamba chini ya milima ya Rwenzori hadi Bwera kwenye mpaka wa Kongo, kila anayemhudumia mgonjwa wa namna hii ana mshtakiwa wake. Mlezi hukishtaki kidonge. Muuguzi hushuku mapafu. Muuza dawa husema ni mawazo. Mzee wa ukoo huona mkono wa mtu. Daktari wa mishipa ya fahamu, ambaye wengi humfikia kwa safari ndefu, huuliza kwanza ni saa ngapi. Sauti zinazosikika hapa ni za nafasi hizo, si za watu fulani.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817, lakini dawa yenye nguvu ilichelewa karibu karne moja na nusu. Seli za sehemu moja ya ndani ya ubongo hufa polepole, nazo ndizo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendesha bila kukwama. Dopamini haiwezi kutoka kwenye damu na kuingia ubongoni. Levodopa huweza, na ikishaingia hugeuzwa kuwa dopamini. Mwaka 1961 huko Vienna, Walther Birkmayer na Oleh Hornykiewicz waliwadunga wagonjwa levodopa, na watu waliokuwa hawajiwezi kitandani wakainuka na kutembea kwa saa chache. Mwaka 1967 George Cotzias wa New York alionyesha kwamba ikimezwa na kuongezwa kidogo kidogo inaweza kutumiwa kila siku. Baadaye iliunganishwa na kabidopa, inayoizuia isigeuke dopamini kabla ya kufika ubongoni. Bila kabidopa, sehemu kubwa hupotelea njiani na kumwachia mgonjwa kichefuchefu kikali.

Levodopa ina tabia moja inayouendesha ubishi wote huu: haikai mwilini. Hata ikiwa pamoja na kabidopa, nusu ya kiasi kilichomo kwenye damu huondoka kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Miaka ya mwanzo ya ugonjwa, seli zilizobaki huweka akiba na mgonjwa hahisi kupanda na kushuka. Akiba ikipungua, mwili huanza kukifuata kidonge: dawa ikipanda hufunguka, ikishuka hufunga. Na kinachofunga si miguu peke yake.

MLEZI: Sista, kabla ya hivi vidonge baba alikuwa anatetemeka tu. Sasa anahema, shingo inajipinda, anasema anakufa. Juzi nilimnyima cha mchana, akatulia. Kwa nini niendelee kumpa kitu kinachomkaba?

MUUGUZI: Pole, mama. Lakini usiviache kabla hatujamsikiliza kifua. Mzee wa umri huu anaweza kuwa na nimonia, pumu, moyo uliochoka au upungufu wa damu. Parkinson haimkingi mtu na magonjwa mengine.

MLEZI: Kifua mlikisikiliza mwezi uliopita mkasema ni safi. Mkampa antibayotiki, na bado.

Mlezi hana kosa kukishuku kidonge. Kuna njia ambazo dawa za Parkinson huweza kweli kuvuruga pumzi. Inayofanana zaidi na maelezo yake ni hii: dawa inapokuwa juu, kwa kawaida saa moja hadi mbili baada ya kumeza, misuli ya kifua na kiwambo huanza kucheza bila mpangilio. Pumzi huwa fupi, za haraka, zisizolingana, wakati mwingine zenye kuguna, na mara nyingi shingo, mabega au kiwiliwili navyo hujinyonganyonga wakati huohuo. Hapo dozi ya mara moja imezidi, na daktari huipunguza au kuigawa. Zipo pia dawa za zamani za jamii ya ergoti, kama bromokriptini, ambazo zikitumiwa muda mrefu zinaweza kuacha makovu kwenye mapafu na utando wake. Mojawapo, pergolide, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2007 kwa sababu iliharibu vali za moyo.

Njia nyingine hupita bila kuonekana, nayo ni presha kushuka mtu anaposimama. Parkinson yenyewe huleta hali hiyo na levodopa huiongeza. Mgonjwa huinuka, macho yanaingia giza, moyo unakimbia, anashika ukuta na kusema hana pumzi. Anapimwa presha akiwa amekaa kwenye benchi, inaonekana nzuri, anarudishwa nyumbani. Ni lazima apimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mshtakiwa amepatikana, na dawa nyingine za presha anazotumia zinahitaji kuangaliwa upya.

Penye kosa la mlezi ni kwenye hukumu aliyoitoa. Levodopa ikikatwa ghafla, mwili unaweza kukakamaa, homa ikapanda sana, mgonjwa akachanganyikiwa na hata kufa. Kidonge kimoja kilichoachwa siku moja si sawa na dawa iliyoachwa wiki nzima, lakini familia nyingi huanza na cha kwanza na kuishia kwenye cha pili.

Muuguzi naye ana hoja, tena nzito kuliko mlezi anavyoikubali. Parkinson hukakamaza misuli ya mbavu, hudhoofisha kikohozi na huharibu umezaji. Mgonjwa hupaliwa na chai au mchuzi bila watu wa mezani kushtuka, matone huingia kwenye njia ya hewa, na nimonia inayotokana na hayo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wagonjwa hawa. Dalili zake zinaonekana wakati wa kula: kukohoa katikati ya tonge, sauti kuwa na majimaji baada ya kunywa, chakula kubaki shavuni. Kikohozi cha wiki mbili hudai makohozi yapimwe kifua kikuu, awe na Parkinson au asiwe nayo. Kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kwenye kidole, ambacho vituo vingi vilikizoea wakati wa korona, husaidia kutenganisha mambo: 95 kwenda juu ni kawaida, chini ya 90 ni hatari isiyosubiri mjadala. Lakini 97 kwenye kioo haimaanishi kwamba mgonjwa anasingizia. Inamaanisha tu kwamba oksijeni inafika kwenye damu, na bado kuna sababu inayomfanya ahisi haifiki.

MUUZA DAWA: Mzee, kifua kikiwa safi, basi hii ni presha ya mawazo. Chukua diazepamu ya usiku na propranololi ya moyo. Na hicho kichefuchefu nikuongezee Plasil.

MUUGUZI: Ndugu yangu, umempa dawa tatu kwa dakika moja na hujamuuliza kama ana pumu.

MUUZA DAWA: Sista, wewe kliniki yako ni ya asubuhi. Saa mbili usiku anakuja kwangu, anatetemeka, mkewe analia. Nimwambie nini?

Swali hilo lina uzito. Uganda iliondoa malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001, lakini usiku, na siku ambazo rafu ya kituo iko tupu, duka la dawa ndilo hospitali. Muuza dawa hawezi kulaumiwa kwa kuwepo. Anaweza kulaumiwa kwa alichotoa, maana dawa zote tatu alizotaja zina mtego kwa mgonjwa huyu.

Propranololi hupunguza mtetemo wa aina nyingine na mapigo ya moyo, lakini humbana mwenye pumu na humshusha presha yule ambaye tayari inashuka akisimama. Diazepamu hutuliza kweli. Hutuliza pia miguu ya mzee anayeamka usiku kwenda msalani, naye huanguka, na kwa mtu mwenye kifua dhaifu hupunguza nguvu ya kupumua. Plasil, yaani metoklopramidi, ambayo kwenye dawa za Kifaransa huuzwa pia kama Primpéran, ndiyo mbaya kuliko zote: huzuia dopamini ileile ambayo kidonge kimekuja kuongeza. Prometazini ina kasoro ya jamii hiyo, na haloperidoli na klopromazini zimezidi. Dawa ya kichefuchefu inayofaa zaidi ni domperidoni, baada ya daktari kujiridhisha kuhusu moyo. Hata salbutamoli, anayopewa mgonjwa aliyedhaniwa kuwa na pumu, huongeza kutetemeka na mapigo ya moyo, na kwa mtu aliyekwisha kuingiwa na hofu huwa ni kumwongezea.

Kichefuchefu kinachompeleka mgonjwa kwenye Plasil mara nyingi kina chanzo cha hesabu tu. Kidonge kimoja kinachopatikana kwa wingi kina miligramu 250 za levodopa na 25 za kabidopa. Anayeanza dawa huambiwa akikate nusu kwa wembe, ameze nusu mara tatu kwa siku. Kwa siku nzima anapata miligramu 37.5 za kabidopa, na mwili huhitaji kati ya 70 na 100 ili kuizuia levodopa isipotelee njiani. Matokeo ni kutapika. Kutapika huleta Plasil, Plasil huleta ukakamavu, ukakamavu hubana kifua, kifua kikibana hofu inaingia, na hofu huleta diazepamu. Mgonjwa anafika hospitali na mfuko wa dawa tano, na aliyeanzisha yote ni wembe. Vidonge vya 100 kwa 25 vingekata mnyororo huo mwanzoni, na familia yenye uwezo wa kuuliza famasi ya mjini ivitafute kwanza. Bwera ni jirani ya Kasindi, na dawa iliyonunuliwa upande wa Kongo huwa na maandishi ya Kifaransa. Jina la kutafuta kwenye boksi ni levodopa, likifuatwa na kabidopa au mwenzake benserazidi, na namba za miligramu hazibadiliki kwa lugha.

Hata hivyo, neno la muuza dawa kwamba ni mawazo halikosei kabisa. Hofu ni sehemu ya ugonjwa huu. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu ana wasiwasi wa kiwango cha kuhitaji tiba, na kwa baadhi ulianza miaka kadhaa kabla mkono haujatetemeka. Parkinson haiui seli za dopamini peke yake. Huharibu pia njia za serotonini na noradrenalini, kemikali zinazosimamia utulivu na mshtuko. Kumwambia mgonjwa ajikaze ni kumwambia aamrishe kitu ambacho ubongo wake hauna.

MZEE WA UKOO: Wanangu, mnazunguka tu. Mtu mwenye nguvu zake hawezi kukabwa mchana kweupe, tena kila siku, bila kuwa na jambo. Kuna mizizi, na kuna watu wa kuombwa msamaha.

MLEZI: Mzee, tumeomba, na mchungaji ameomba. Hali inarudi saa ileile.

Mlezi hapo alisema jambo kubwa kuliko alivyokusudia. Kuhusu laana yenyewe hapahitaji maneno mengi. Huko Buganda mtetemo ulielezwa kuwa ni adhabu ya kuvunja mwiko kati ya mtu na wakwe zake, iitwayo buko, na chama cha Parkinson's Si Buko cha Uganda kimejitwika kazi ya kuipinga imani hiyo. Madhara yake hupimika: katika wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti waliopita nyumba hadi nyumba na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008 waligundua kwamba zaidi ya robo tatu ya wagonjwa waliowapata walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtaalamu yeyote kwamba wana Parkinson. Maombi yanayomtuliza mgonjwa hayana ubaya wowote, mradi kidonge hakisubirishwi nje ya mlango wa kanisa.

Kuhusu mizizi, iko mbegu moja isiyostahili kuchekwa. Upupu, mmea uleule unaowasha, una levodopa halisi ndani ya mbegu zake, na tiba za Kihindi ziliutumia kwa mtetemo kabla ya maabara za Ulaya kuwapo. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua mbegu za mkono huu zina kiasi gani, na hazina kabidopa. Anayezichanganya na vidonge bila kumwambia daktari anaongeza dozi gizani, na mtu aliyezidisha levodopa ndiye huyo anayehema na kujinyonganyonga.

DAKTARI: Mama, anabanwa saa ngapi?

MLEZI: Muda wowote, daktari.

DAKTARI: Umemwambia mzee kwamba inarudi saa ileile. Vidonge anameza saa ngapi?

MLEZI: Asubuhi, mchana na jioni.

DAKTARI: Asubuhi ya saa moja, au asubuhi ya saa nne?

Mjadala ulipaswa kuanzia hapa. Kubanwa pumzi kunakotokea dawa ikiwa juu, na kubanwa kunakotokea dawa ikiwa imeisha, kwa mtu aliyeketi pembeni vinafanana: mzee anahema na anaogopa. Tiba zake zinapingana. Ya kwanza hudai dozi ipungue. Ya pili hudai dozi ikaribiane, na wakati mwingine iongezwe. Mlezi anayepunguza na muuguzi anayeongeza wanaweza wote kuwa sahihi, au wote kukosea. Stethoskopu haina uwezo wa kuwaamua. Anayeweza ni mtu mwenye kalamu.

Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Upande wa kushoto huandikwa saa, katikati kidonge au chakula, kulia hali ya mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe. Ukurasa wa siku moja unaweza kusomeka hivi: saa 1 asubuhi, kidonge kizima na uji mtupu. Saa 1 na nusu, anatembea vizuri. Saa 2 na nusu, anahema, shingo inazunguka, haogopi sana. Saa 4, yuko sawa, ameketi na wageni. Saa 5 na nusu, mguu umeganda, kifua kinabana, anashika mkono wa mkewe na kusema hatafika jioni. Saa 7, kidonge na maharage. Saa 8 na nusu, bado. Saa 9, ametulia, anaomba redio.

Ukurasa huo unaonyesha mashambulizi mawili yenye vyanzo vinavyopingana kwa mtu mmoja ndani ya siku moja. La saa 2 na nusu ni la dawa iliyozidi kwa mara moja. Kujinyonganyonga kwa shingo ni ushahidi, na shambulizi hilo ndilo ambalo mlezi alililaumu kwa haki. La saa 5 na nusu ni la dawa iliyoisha: mwili umefunga, na hofu imekuja na kufunga huko. Katika hali hii daktari anaweza kukigawa kiasi kilekile cha siku katika dozi ndogo zinazokaribiana, bila kuongeza dawa hata moja ya wasiwasi. Kuna pia mstari wa saa 7. Kidonge kilichomezwa pamoja na maharage kilichukua saa mbili kufanya kazi ya nusu saa, kwa sababu protini na levodopa hugombea mlango mmoja wa kupita kutoka utumboni kwenda kwenye damu, na mlango mwingine kama huo kuingia ubongoni. Obundu, yaani ugali wa muhogo, wenyewe hauna shida. Maharage, karanga, nyama na samaki wa Ziwa George ndivyo vinavyochelewesha. Kidonge kimezwe nusu saa kabla ya mlo au zaidi ya saa moja baada yake, na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vitengwe kwa saa mbili. Hakuna sababu ya kumnyima mzee maharage. Yasogezwe tu mbali na kidonge.

Kuna wagonjwa ambao daftari lao halionyeshi mpangilio wowote. Hofu ipo asubuhi na jioni, dawa ikiwa juu au chini, usingizi umekatika, na mgonjwa hataki tena kwenda sokoni kwa kuogopa kuonekana. Huyo ana wasiwasi wa kudumu, na unatibika: kwa mazungumzo na mhudumu wa afya ya akili, na ikihitajika kwa dawa kama fluoksetini au sertralini, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kusaidia na hazifai kuchanganywa na selegilini, dawa nyingine ya Parkinson, bila usimamizi wa daktari. Amitriptilini, ambayo ni rahisi kupatikana, humkausha mzee mdomo, humshusha presha na huweza kumchanganya akili.

MLEZI: Daktari, unasema tumpe kila baada ya saa nne. Sisi vidonge tunanunua kumi kumi. Kahawa ikiuzwa tunanunua, isipouzwa tunasubiri. Hilo daftari litaandika nini siku ambazo hakuna?

DAKTARI: Litaandika kwamba hakuna. Na hapo una haki, mama.

Hoja hii ya mlezi haijapata jibu zuri kwa mtu yeyote. Shirika la Afya Duniani limeiweka levodopa pamoja na kabidopa kwenye orodha ya dawa muhimu, na mwaka 2022 lilitoa mwongozo kuhusu Parkinson likikadiria wagonjwa zaidi ya milioni 8.5 duniani kwa mwaka 2019. Dawa ya Parkinson inayofahamika zaidi kwenye vituo vya Uganda ni benzheksoli, kwa kuwa kliniki za afya ya akili huitoa kupunguza ukakamavu unaoletwa na haloperidoli. Ni dawa ya zamani kuliko levodopa. Hupunguza mtetemo kiasi, hasa kwa vijana, lakini mzee humkausha koo, humzuia mkojo na humchanganya. Mzee aliyekaukwa na koo na kuchanganyikiwa naye atasema anakabwa. Mgonjwa anayepokea benzheksoli bure na kununua levodopa kwa msimu wa kahawa anaishi kwenye mashambulizi ya kupanda na kushuka ambayo hakuna ufundi wa kupumua utakaoyamaliza. Kosa hapo ni la rafu, na wanaopanga dawa za hospitali za wilaya ndio wenye uwezo wa kulirekebisha. Kwa familia lipo jambo moja dogo: vidonge vinapoonekana vitaisha, daktari au muuguzi aambiwe vikiwa bado vipo, ili apange kupunguza polepole, badala ya kumeza dozi kamili hadi kidonge cha mwisho kisha kukaa bila kitu.

MGONJWA: Ikinijia, mkinizunguka wote mnanizidishia. Mmoja akae. Milango ifunguliwe.

Sauti hiyo husikika mara chache, na imesema karibu kila kinachotakiwa. Shambulizi likianza, mgonjwa aketi, ainame mbele kidogo, viwiko juu ya meza au magoti. Avute hewa kwa pua kwa hesabu ya mbili, aitoe kwa midomo iliyobanwa kidogo kwa hesabu ya nne. Kazi iko kwenye kutoa. Anayeogopa huvuta na kuvuta juu ya kifua kilichojaa, akitoa kaboni dioksidi kupita kiasi, vidole vinakufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, naye anaamini ndiyo mauti. Aliye pembeni ahesabu kwa sauti ya chini, bila kumwambia atulie. Mfuko wa plastiki usiwekwe mdomoni kamwe. Kidonge kimezwe kwa saa yake. Cha ziada kisimezwe kwa hofu. Kikombe cha maji kinywewe mgonjwa akiwa wima, baada ya pumzi kurudi.

Katika siku za kawaida, kifua kinachokakamaa kinahitaji kazi. Kutembea kwenye tambarare asubuhi mwili ukiwa umefunguka, kusoma kwa sauti, na kuimba. Kuimba si burudani tu kwa mgonjwa huyu: hulazimisha pumzi ndefu inayotoka kwa mpango, na tafiti kwa wagonjwa wa Parkinson zimeonyesha kwamba nguvu ya misuli ya kupumua huongezeka kwa wanaoimba mara kwa mara katika kundi. Kwaya ya kanisa inafanya zoezi hilo kila wiki, na mgonjwa aliyejificha nyumbani kwa aibu ya mkono amejinyima tiba iliyo jirani. Jiko la kuni nalo, kwa ajili ya moshi, lisogezwe mbali na anapolala.

Zipo dalili zinazomaliza mjadala papo hapo, mchana au usiku: homa pamoja na kuhema, kukohoa damu, maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba, midomo kuwa ya bluu, sauti ya mkoromo au filimbi wakati wa kuvuta hewa, kushindwa kumaliza sentensi, kuchanganyikiwa ghafla. Hapo bodaboda haitoshi kama kuna gari, na haingojwi asubuhi. Iwe ni hospitali ya Bwera, Kagando, Kilembe au ya rufaa ya Fort Portal, mgonjwa afike na vidonge vyake na daftari lake mkononi, na anayempeleka aseme mlangoni, kabla ya kuulizwa, kwamba mzee anatumia levodopa, isikatizwe wodini, na asichomwe Plasil wala haloperidoli.